Mwiba Wao Ni Mimi: Maisha ya Celina Ciakuthii Njuki, 1951–2023

Wasifu huu marehemu aliusoma mwenyewe. Mwezi wa Januari mwaka huu, akiwa kitandani nyumbani kwake Kathuniri, alimwagiza kifungua mimba wake, Rwamba, ambaye ndiye anayewasomea sasa, auandike mapema ili asije akaandikiwa uongo. Rwamba aliandika kurasa mbili. Mama alivaa miwani, akaomba kalamu, akakata mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisema alikuwa mama mpole. Wa pili ulisema aliishi kwa amani na majirani wote.

"Watu watakuwa wamekaa hapo juani wakisikiliza," alisema. "Usiwafanye wacheke kwenye mazishi."

Kwa hiyo mtakayosikia ni yale aliyokubali yabaki, pamoja na machache yaliyotokea baadaye.

Celina Ciakuthii alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1951 katika kijiji cha Kathuniri, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Ishiara. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Runji na marehemu mama Wamuyu. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama yake alikumbuka tu kwamba mvua kubwa ilikuwa imeisha, na watu walishinda mashambani wakifukuza ndege kwenye mtama. Celina alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimwandikia tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wengine wote kwenye foleni. Aliirudisha fomu. Alisema mama yake hakumzaa Januari, na kwamba angesubiri pale mpaka iandikwe Juni. Alisubiri hadi ofisi ikakaribia kufungwa. Karani akaandika tarehe kumi na nne Juni, na hadi leo hakuna anayejua hiyo kumi na nne ilitoka wapi.

Alianza shule mwaka wa 1959 katika shule ya misheni karibu na kwao. Madarasa yalikuwa ya udongo, na kila Ijumaa wasichana walikandika kuta kwa matope na samadi. Ijumaa moja mwaka wa 1962, mwalimu wake wa darasa la nne, marehemu mwalimu Naftaly, alikagua kazi akakuta sehemu ya ukuta, kama upana wa viganja viwili, haijaguswa.

"Ciakuthii, hapa umeruka."

"Sijaruka, mwalimu. Hapo pana wenyewe."

"Wenyewe gani?"

Akamwonyesha. Kwenye ufa palitokeza mrija mfupi wa nta, mwembamba kama bua la nyasi, na mdomoni mwake walikuwa wakiingia na kutoka nyuki wadogo kama mbu, weusi, wasio na mwiba. Mwalimu Naftaly alikuwa na kiboko mkononi, na enzi zile kiboko hakikutafuta sababu. Alikiweka chini. Akasogeza kidole, nyuki wakatambaa juu yake wakarudi kwenye kazi yao. Kisha akachukua chaki, akazungushia mahali pale duara, akawaambia wasichana wasipakandike tena. Mama alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani alipokataa jambo akasikilizwa, na kwamba pengine mwalimu yule ndiye aliyemharibu.

Alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwaka wa 1966, akafaulu, akasoma shule ya bweni ya wasichana upande wa Meru kuanzia 1967 hadi 1970. Miaka ya 1971 na 1972 alisomea cheti cha kilimo. Januari 1973 aliajiriwa na serikali, akatumwa Siakago kama afisa wa nyanjani wa akina mama. Maana yake ni kwamba alitembea kijiji hadi kijiji akifundisha lishe, bustani za mboga, na namna ya kuhifadhi kunde zisiingiwe na dudu. Hakuidharau kazi hiyo. Lakini popote alipoingia jikoni kwa mtu, macho yake yalipanda ukutani kutafuta mrija.

Ni vizuri vijana waliopo waelewe hali ilivyokuwa. Huku kwetu Mbeere, nyuki walikuwa mali ya wanaume. Mwanamume ndiye aliyechonga mzinga wa gogo, akaupandisha mtini, akaurina. Mwanamke hakupanda. Nyuki hawa wadogo hawakuhesabiwa. Asali yao ni nyepesi, ina ukali fulani ulimini, haikai kwenye masega bali kwenye vijungu vya nta vidogo kama punje za mahindi. Kundi moja linakupa lita moja kwa mwaka, mbili ukibahatika. Watoto waliichokoa kwenye magogo na nyufa, wakala, wakaliacha kundi likaliwa na siafu. Mama aliona kitu ambacho mwanamke anaweza kufuga akiwa amesimama chini, kando ya jiko lake, bila ngazi, bila moshi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwaka wa 1974 aliingia kwenye karakana moja pale Siakago kutengenezesha sanduku dogo la mbao. Fundi alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno machache. Akamuuliza sanduku ni la kuwekea nini.

"Nyuki," akajibu.

"Mimi naitwa Njuki," fundi akasema, kwa maana jina hilo kwa lugha yetu ni nyuki.

Mama akampima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Wewe hutoshi humo," akamwambia.

Walifunga ndoa kanisani tarehe 13 Desemba 1975, siku ya Jumamosi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rwamba, Nyamu na Kathambi. Baba Njuki ametengeneza masanduku yote ambayo Mama aliwahi kutumia, na kila moja amelipiga msasa ndani na nje, ingawa Mama alimwambia mara nyingi kwamba nyuki hawaangalii msasa.

Mwaka wa 1979 ulikuja mpango wa kuwapa wakulima mizinga ya kisasa ya nyuki wakubwa. Mama aliomba kuhudhuria mafunzo. Aliambiwa ni ya maafisa wanaume, yeye ashughulike na lishe. Alikwenda hata hivyo, akakaa kiti cha nyuma siku zote tano, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Alipotoka hapo alianzisha mafunzo yake. Kufikia mwisho wa 1981, wanawake ishirini na sita katika vijiji vya Siakago walikuwa wakifuga nyuki wadogo kwenye masanduku, na Mama aliandika hayo kwenye ripoti yake ya mwaka, kurasa tatu, pamoja na majina yao yote.

Mkubwa wake wa kazi alimwita. Familia haitamtaja, kwa kuwa ametangulia na hawezi kujitetea.

"Bi. Celina," alimwambia, "hii ripoti ni nzuri. Toa tu hii sehemu ya nzi."

"Si nzi, bwana. Ni nyuki."

"Kinachouma ni nyuki. Kisichouma ni nzi. Toa, nitie sahihi."

"Basi usitie sahihi," Mama akasema. "Nitaipeleka bila sahihi."

Akaipeleka bila sahihi. Miezi miwili baadaye, Machi 1982, ilikuja barua ya kumhamishia Nkubu, kule Meru, nyanda za juu, kwa wakulima wa kahawa, mbali na ukame na mbali na wanawake wake ishirini na sita. Alikuwa na watoto wawili na mume mwenye karakana ambayo haibebeki. Wengi walimshauri aombe msamaha. Yeye alifunga virago. Kati ya virago hivyo palikuwa na sanduku moja la nyuki, limezibwa mdomo kwa kitambaa, akalipakata safari nzima.

Baba alibaki Siakago mwaka mmoja, kisha akamfuata. Nkubu walikaa miaka minane. Waliomhamisha walidhani wamemzima. Walichofanya ni kumpeleka mlangoni kwa mama mmoja mkulima aliyeitwa Kathambi, aliyempangisha nyumba, na ambaye nyuma ya jiko lake alikuwa na gogo la nyuki wadogo alilorithi kwa mama mkwe wake. Mama huyo hakuwahi kusoma. Alikuwa anajua kuligawa kundi moja kuwa mawili bila kuwapoteza, jambo ambalo Mama alikuwa amelijaribu miaka minane akishindwa. Alimfundisha kwa Kimeru, polepole, kwa mikono, asubuhi baada ya asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Mtoto wa tatu alipozaliwa mwaka wa 1984 akapewa jina lake. Kathambi wetu yuko hapa, na mnaweza kumwona anavyosimama na mikono kiunoni. Hiyo ameitoa kwa wote wawili.

Mwaka wa 1990 alirudishwa Ishiara, akafanya kazi huko hadi alipostaafu Juni 2006. Nyumba ya mawe mnayoiona hapo nyuma ilijengwa mwaka wa 1994. Jiko la udongo lililo kando yake lilikuwa libomolewe, mafundi walikuwa wameshashusha mabati. Mama alitoka kazini akawakuta, akawaambia wayarudishe. Ukutani mlikuwa na makundi matatu ya nyuki. Baba alisema jiko linaaibisha nyumba. Mama akasema nyumba ndiyo imekuja juzi. Jiko liko pale mpaka leo, na chakula mlichokula asubuhi kimepikwa humo.

Sasa tunafika kwenye mambo ambayo wengine wangependa tuyaruke. Mama alisema yasirukwe.

Mwaka wa 2012 shemeji yake Kithaka, mdogo wake Baba, alipanda muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa, kwenye shamba linalopakana na hili. Wengi walifuata. Muguka unapigwa dawa mara kwa mara, na dawa ilipigwa asubuhi, saa zile nyuki wanapotoka kwa wingi. Mama alianza kuwakuta chini ya mizinga wamelala, wanatetemeka miguu. Akavuka mpaka akaenda kwa Kithaka.

"Shemeji," alisema, "mimi sikukatazi muguka. Piga dawa jioni, saa kumi na mbili, wakiwa wameshaingia. Ni hilo tu."

"Vibarua wangu wanaenda nyumbani saa tisa," Kithaka akajibu. "Na Mama Rwamba, hii muguka ndiyo inasomesha watoto wangu. Hizo nyuki zako zinasomesha nani?"

Mama alirudi nyumbani. Lakini alirudi kwa Kithaka wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akaanza kufungiwa lango.

Tarehe 3 Novemba 2014 aliletewa barua yenye sahihi kumi na mbili. Ilidai kwamba nyuki wake wanaganda kwenye machipukizi ya muguka na kuyaharibu, na kwamba mizinga yote iondolewe katika muda wa siku kumi na nne. Mama aliisoma akiwa amesimama langoni. Akaigeuza nyuma, akaandika: "Nimesoma. Haitaondolewa. C. C. Njuki." Akampa aliyeileta airudishe.

Siku kumi na nne ziliisha. Jumanne, tarehe 18 Novemba, saa tatu asubuhi, walikuja wanaume tisa na mkokoteni wa punda. Mama alikuwa amewatangulia. Alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mizinga, mizinga thelathini na minane iliyopangwa kwenye rafu chini ya miti ya mukau, anachambua ndengu kwenye ungo.

"Mama Rwamba, hatukuja kwa vita," Kithaka alisema. "Tunahamisha tu."

"Mnahamisha mpeleke wapi?"

"Kule chini mtoni. Hata huko kuna maua."

"Na huko hakuna muguka?"

Mmoja wa waliokuja akacheka, akasema, "Mama, kama hizi nyuki ni zako kweli, si uziambie zitufukuze."

Mama aliweka ungo chini. "Hawawezi," alisema. "Hawana mwiba, na mnajua. Ndiyo maana mmekuja na mashati ya mikono mifupi. Mngekuwa mnaenda kwa wale wakubwa mngejifunika magunia. Hawa mwiba wao ni mimi. Anayetaka kuinua mzinga, aanze kwa kuniinua mimi na kiti changu."

Ndipo Baba Njuki alipotoka kwenye karakana yake ya hapa nyumbani. Watu wote walimtazama, kwa sababu alikuwa mume wa huyu na kaka wa yule, na katika miaka yote hiyo hakuwa amesema neno upande wowote. Siku hiyo pia hakusema. Alileta kigoda chake, akakiweka kando ya kiti cha Mama, akaketi, akaanza kupiga msasa kipande cha ubao alichokuja nacho.

Walisimama hapo hadi karibu saa sita. Kisha mmoja akakumbuka ana ng'ombe wa kunywesha, mwingine akamfuata, na mwishowe Kithaka akageuza mkokoteni. Punda alikuwa ameshakula mstari mzima wa kunde. Mama alisema hiyo ndiyo hasara pekee ya siku hiyo, na kwamba hamlaumu punda.

Lakini haikuishia hapo. Jumapili tarehe 8 Februari 2015, Mama na Baba walitoka kanisani wakakuta harufu ya dawa kuanzia langoni. Mtu alikuwa ameingia wakiwa ibadani, akanyunyizia dawa kwenye mdomo wa mzinga mmoja mmoja. Mizinga thelathini na minne ilikuwa imekufa. Minne ya rafu ya chini, iliyofichwa na majani, ilipona.

Rwamba alifika kutoka Embu siku iliyofuata. Alimkuta Mama amefungua masanduku yote, anakwangua nta iliyoharibika na kuyaosha kwa maji ya moto, macho yamevimba. Hatukuwahi kumwona hivyo, hata alipozika wazazi wake.

"Mama, twende polisi tuandikishe ripoti."

"Nenda uandikishe," alisema. "Mimi nina masanduku thelathini na manne ya kuosha."

"Utaweka nini ndani?"

Akaonyesha jiko kwa kidole, ule ukuta wa udongo, na mirija mitatu iliyotokeza pale, na nyuki waliokuwa wakiingia na kutoka kana kwamba hapajatokea jambo.

Ripoti iliandikishwa. Hapakuwa na shahidi, hivyo hapakuwa na kesi. Mama hakungoja kesi. Kutoka mizinga minne na makundi matatu ya ukutani, kwa njia aliyofundishwa Nkubu, aligawa kundi moja kuwa mawili kila mvua ilipokuwa nzuri, na mvua ilipokuwa mbaya alivumilia. Ilimchukua miaka minne na zaidi. Aliyenyunyizia dawa ile anajijua, na huenda ameketi hapa kati yetu na programu ya mazishi mkononi. Mama alitaka aambiwe hivi, neno kwa neno: mizinga thelathini na minane ilirudi yote, kisha ikaongezeka tisa.

Mwaka wa 2018 alikuja Makandi, mwanamke kijana kutoka upande wa Nkubu, ambaye alikuwa amekodi shamba karibu na mto akipanda matikiti. Maua yake yalikuwa yakianguka, na matunda machache yaliyoshika yalikuwa yamepinda, upande mmoja umejaa, mwingine umenywea.

"Mama, nimesikia uko na nyuki haziumi," alisema. "Zile kubwa vibarua wangu wanazikimbia."

"Unapiga dawa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi hatujaanza kuongea," Mama akasema, akaendelea kulisha kuku.

Makandi alirudi baada ya siku mbili, akasema amebadilisha, anapiga jioni. Mama alishuka naye shambani, akahakikisha kwa macho yake siku tatu mfululizo. Kisha akampelekea mizinga sita maua ya kwanza yalipofunguka. Msimu ule matikiti ya Makandi yalikuwa ya mviringo kotekote, mazito mpaka vibarua wakabeba moja moja. Wakulima wa bondeni waliyaona yakipakiwa. Mwaka uliofuata walikuja wanne, na baada yao wengine wenye maembe, na wote waliulizwa swali lile lile kwanza. Katika wakulima tisa aliofanya nao kazi, watatu walikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili waliotia sahihi barua. Mama aliwapa mizinga bila kuwakumbusha. Alisema maembe na matikiti hayakutia sahihi.

Lakini sharti halikuwa na jamaa wala rafiki. Mwanawe Nyamu, ambaye ana shamba la nyanya hapa Ishiara, alipiga dawa saa nne asubuhi siku moja mwaka wa 2020 akidhani Mama yuko kanisani. Mama alifika alasiri, akapakia mizinga mitano aliyokuwa amempa kwenye toroli, akaondoka. Nyamu alikaa mwaka mzima bila mzinga. Yuko hapa, ameruhusu tuisome habari hii.

Agosti 2021 Mama alianza kushindwa kula. Vipimo vilionyesha saratani ya tumbo. Alitibiwa hospitali kule Nkubu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ambao yeye hakuwarudishia kila mara. Nyamu alitaka apelekwe Nairobi. Alikataa, akasema anataka kuumwa mahali anapoweza kuona kinachoendelea shambani.

Wageni waliokuja kumjulia hali walimuuliza kwa nini asijitibu kwa asali yake, maana siku hizi asali ya nyuki wadogo inauzwa mijini kwa jina la dawa ya kila kitu. Jibu lake lilikuwa moja. "Ni chakula," alisema. "Kidonda kikavu utakipaka, kikohozi utalamba. Saratani mpeleke mtu hospitali. Na mkisikia mtu anauza asali akisema ilimponya Celina, mwambieni mlikuwa kwenye mazishi yangu."

Jioni moja mwezi wa Novemba mwaka jana, Rwamba alikuwa amekaa naye dirishani. Kutoka ng'ambo ya mpaka ikasikika pampu ya dawa. Mama akainua kichwa kwenye mto.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo."

"Hiyo ni ya Kithaka?"

"Ni yake."

Alisikiliza mpaka pampu ikanyamaza. "Amechelewa miaka kumi," alisema. Baada ya muda akaongeza, "Kesho mpelekee chupa moja ya asali."

Rwamba alimpelekea. Baba mdogo Kithaka aliipokea kwa mikono miwili, akauliza Mama amelalaje. Hakuomba radhi na Mama hakuidai. Tangu siku ile hatujasikia pampu yake asubuhi. Tunalisema hili kwa sababu ni kweli, na Mama alilisoma akaliacha. Lakini mtu asije akatoka hapa akisema alilegea. Barua ile haijafutwa. Ukurasa wa nyuma wenye jibu lake nao haujafutwa.

Jumatano tarehe 8 Machi mwaka huu aliomba atolewe nje. Baba na Kathambi walimbeba na kiti chake hadi chini ya miti ya mukau. Aliangalia mizinga safu kwa safu, kisha akanyoosha kidole. "Njuki," alisema, "huyo mjusi." Kweli, palikuwa na mjusi amejibanza kando ya mdomo wa mzinga wa tatu, anameza nyuki mmoja mmoja wakitoka. Baba alimfukuza kwa kofia yake. Mama akaitikia kwa kichwa, akarudishwa ndani. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Ameacha mumewe, fundi Njuki, aliyeishi naye miaka arobaini na saba. Ameacha watoto wake: Rwamba wa Embu, Nyamu wa Ishiara, na Kathambi wa Nkubu, pamoja na wakwe na wajukuu saba. Ameacha ndugu zake Misheck na Ireri na dada yake Ntinyari. Ameacha shemeji yake Kithaka na jamaa yake yote. Ameacha akina mama wa Siakago, wale ishirini na sita, ambao kumi na mmoja kati yao bado wako hai, na wanne wamefika leo na wameketi pale mbele. Tunawaomba wasimame muwaone.

Aliagiza asiwekewe maua ya plastiki kaburini, na kama mtu amekuja nayo, arudi nayo.

Jumatano iliyopita, katika kikao cha maandalizi, kuna aliyeuliza mizinga itauzwa lini na rafu zitavunjwa lini, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Baba Njuki, ambaye nyote mnamjua kwa ukimya wake, alisimama, akasema kwamba mizinga haiuzwi, rafu hazivunjwi, na kwamba ameshakata mbao za masanduku mengine kumi. Watoto wote watatu wametia sahihi chini ya maneno hayo. Mvua ikishika, makundi yatagawanywa. Anayehitaji nyuki shambani mwake aje, na aje akijua swali atakaloulizwa.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako na umpe pumziko alilolifanyia kazi. Mama, pumzika. Sisi hatujachoka, na Jumatatu asubuhi tuko kazini.